Toa Ukijua Kesho Utarudi

Mwanangu, nimekusikia ukisema kwamba mbio zikikulipa utafungua wakfu wa kusaidia watoto wa hapa Kyuso. Nimefurahi sana. Ila naona una haraka, na haraka hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Hebu kaa kidogo nikueleze habari za mtu aliyelifanya jambo hilo vizuri.

Paul Tergat alizaliwa Baringo mwaka wa 1969, nchi kavu kama hii yetu. Alipokuwa na umri wa miaka 8, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, hili tunaloliita WFP, lilianza kupeleka chakula shuleni kwao. Amesimulia mara nyingi kwamba bila chakula kile masomo yangemshinda. Ni vigumu kutembea mwendo mrefu hadi shuleni na tumbo tupu, kisha ukae usikilize hesabu.

Dunia ilimjua baadaye. Alitwaa ubingwa wa mbio za nyika mara 5 mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1999. Kwenye Olimpiki ya Sydney ya 2000, Haile Gebrselassie alimshinda kwa sehemu 9 tu za mia za sekunde. Akahamia marathoni, akakimbia 5 bila kushinda hata moja. Ya 6 ilikuwa Berlin, Septemba 2003: saa 2, dakika 4 na sekunde 55, rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata WFP ikamfanya balozi wake wa kupambana na njaa.

Hapo ndipo nataka utulie. Tergat alichagua kusemea sahani ya shuleni kwa sababu aliila. Alipowaomba wakubwa walishe watoto, alisema kitu anachokijua.

Nasi tumeiona sahani hiyo. Nilipokuwa kwenye kamati ya shule, mpishi aliwasha moto kabla ya kengele ya kwanza. Kila mtoto alikuja na ukuni wake kwapani. Mahindi yalichemka hadi yakapasuka, maharagwe yakiwa humo humo, kisha mafuta kidogo na chumvi. Kipimo cha mtoto mmoja kilikuwa gramu 150 za mahindi, 40 za maharagwe na 5 za mafuta. Ni kidogo, lakini mvua ya Novemba ikikosekana, wengine hawakutia kitu kingine kinywani mchana kutwa. Kulikuwa na wadogo waliokula nusu, na nusu wakaifunga kwenye karatasi ya daftari wampelekee ndugu aliyebaki nyumbani. Mwalimu aliwaona, akageuka upande mwingine.

Stoo ilipokauka, darasa nalo lilipungua wiki ile ile. Sisi wazazi tulisema watoto wamekuwa wavivu. Wengine tulichukua fimbo. Ilituchukua muda kuelewa kwamba aliyekosa shule alikuwa nyuma ya punda, akitafuta maji, au amelala kwa njaa. Jambo hilo bado linaniuma.

Sasa tazama miaka. WFP ilifanya kazi hii pamoja na serikali kwa muda mrefu. Mwaka wa 2009 serikali ilianza mpango wake wa shule kununua chakula kwa wakulima wa karibu, na mwaka wa 2018 ikaachiwa mzigo wote. Watoto walizaliwa, wakasoma, wakazaa wao, na sufuria bado iko motoni. Anayekuja na mipira na fulana, akapigwa picha, akaondoka, simchukii. Watoto hufurahi kweli kweli. Lakini Jumanne inayofuata watakuwa na njaa, naye hayupo.

Wewe usingoje Berlin. Mwezi wa pili tunavuna ndengu. Debe moja lina kilo kama 18. Kwa gramu 40, hizo ni sahani zaidi ya 400. Lipeleke shule uliyosoma. Pita jikoni kwanza, umuulize mpishi amepungukiwa na nini. Huenda ni kuni, huenda ni maji, huenda sufuria imetoboka. Kisha umuulize mwalimu mkuu urudi lini.