Mtoto Asijifiche



Masika yanapokolea, maji hujaa mashimo katika bonde la Msimbazi, na nyoka waliomo hutafuta pakavu. Wengine waweza kufika hata katika nyua zetu za Upanga, penye miti mikubwa na mitaro. Tena palipo na takataka pana panya, na panya ni chakula cha nyoka. Basi tusidhani kwamba habari hii ni ya shamba tu. Ni habari ya watoto wetu wanaofuata mpira uliopotelea majanini.

Someni Mwanzo, sura ya 3. Wengi wetu husoma jinsi nyoka alivyodanganya, tukaishia hapo. Lakini angalieni lililofuata. Adamu na mkewe waliogopa, wakajificha kati ya miti. Mungu alijua walilolitenda, hata hivyo alianza kwa kumwita Adamu na kumwuliza yuko wapi. Hukumu ilikuja, lakini wito ulitangulia.

Wazazi wenzangu, hapo ndipo penye somo letu. Mtoto aliyekatazwa kupanda mwembe wa jirani, akaumwa na nyoka huko, ana hofu mbili: hofu ya nyoka na hofu ya fimbo. Katika miaka yangu ya ualimu nilimwona mtoto wa darasa la tatu aliyevuta soksi juu ya jeraha, akakaa kimya darasani mpaka mguu ulipovimba. Sumu haimngojei mtoto apate ujasiri. Na kwa kuwa mwili wake ni mdogo, sumu ile ile humdhuru kuliko mtu mzima.

Kwa hiyo tuwaambie mapema: "Ukiumwa, njoo useme. Hutapigwa." Tukisha kuahidi, tutimize. Tuache pia ile desturi ya kuwakataza kumtaja nyoka usiku, ati waseme "kamba". Mtoto anayelia usiku kwamba ameona kamba aweza kuambiwa arudi kulala.

Mengine ya kuwafundisha si mengi. Akimwona nyoka, asimame, arudi nyuma polepole, amwite mtu mzima. Asimrushie mawe, wala asimguse hata akionekana amekufa. Asitie mkono shimoni, wala chini ya magunia na kuni. Usiku avae viatu na kumulika njia. Swila akimtemea sumu machoni, macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi.

Akiumwa, atulizwe, asikimbie. Mvueni viatu na bangili kabla ya uvimbe, na kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba, msipoteze muda kwa jiwe la nyoka. Mpelekeni hospitali upesi. Sisi wa Upanga tunayo Muhimbili karibu.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliweka tatizo hili katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Tena tukumbuke Matendo ya Mitume, sura ya 28. Paulo alikuwa akikusanya kuni kisiwani Malta, nyoka akatoka akamng'ata mkono. Waliokuwapo wakaamua papo hapo kwamba yeye ni mwuaji. Walikosea. Nasi tusimwambie mtoto kwamba ameumwa kwa ajili ya dhambi zake, wala tusianze kumtafuta mchawi wakati gari la hospitali lingali halijaitwa.

Jioni ya leo, baada ya sala ya nyumbani, mwulizeni kila mtoto: "Ukiumwa na nyoka mahali nilipokukataza, utamwambia nani?" Akisita kujibu, msimkemee yeye. Tujiulize sisi wazazi ni nini kinachomfanya asite, tukakirekebishe kabla masika hayajaingia.

Bwana awalinde watoto wetu, atokapo kila mmoja na aingiapo. Amina.

Mwalimu mstaafu, Upanga