Tawakali na Mzigo wa Nyuma ya Gari

Kibebeo cha baiskeli kwenye gari la kambi, yaani gari lenye kitanda na jiko ambalo familia nyingi za Ulaya husafiria likizoni, kwa kawaida hufungwa kwenye mlango wa nyuma au kwenye kiungio cha kuvutia tela. Wanunuzi huanza na bei. Kwa msafiri mwenye imani, hata hivyo, uchaguzi huo unagusa swali la zamani: mja afanye kiasi gani ndipo amwachie Mungu yaliyobaki?

Jibu la msingi katika Uislamu linajulikana. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik, mtu alimuuliza Mtume iwapo amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Akaambiwa amfunge kwanza. Mwanazuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliipanua hoja hiyo katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din. Alizigawa sababu za kidunia katika daraja tatu: zenye matokeo ya hakika, zenye matokeo ya kutarajiwa, na zile za kudhania tu. Mwenye njaa akikataa kunyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake, kwa al-Ghazali huo ni wazimu, hauitwi tawakali.

Uzito wa mzigo umo katika daraja ya kwanza. Baiskeli mbili za umeme zenye kilo 25 kila moja, pamoja na kibebeo cha kilo 10, ni kilo 60. Zikikaa mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 4, ekseli ya nyuma huongezewa kilo 90 na ya mbele hupunguziwa kilo 30. Fiat Ducato, ambalo magari mengi ya kambi hutengenezwa kutokana nalo, husukumwa na magurudumu ya mbele, na hayo ndiyo yanayopoteza mshiko. Tena baadhi ya vibebeo vya mlangoni vimeruhusiwa kilo 35 tu. Kusoma dua ya safari huku kibebeo kimezidishiwa uzito ni kuomba chakula na mkono umekunjwa.

Mfano wa ngamia, hata hivyo, una mpaka wake. Ngamia akipotea, hasara ni ya mwenyewe. Baiskeli ikichomoka kwenye barabara kuu humwangukia dereva wa nyuma, ambaye hakuulizwa lolote kuhusu kibebeo kile. Hapo jambo limeingia katika haki za waja, na wanazuoni wanafundisha kwamba haki hizo hazifutwi kwa toba peke yake mpaka aliyedhulumiwa arudishiwe haki yake au asamehe. Mtu anaweza kukihatarisha kilicho chake. Hana idhini ya kutawakali kwa niaba ya mwingine. Sheria ya barabarani ya Ujerumani, kifungu cha 22, imefika karibu na hapo kwa njia yake: mzigo ufungwe hivi kwamba hata dereva akishika breki za ghafla au akikwepa kitu, usiteleze, usianguke, wala usipige kelele inayoweza kuzuiwa.

Kwa hiyo baiskeli zipimwe kwenye mizani badala ya kukisiwa, betri zitolewe zisafiri ndani, na uzito wote ulinganishwe na kikomo cha kibebeo, cha mlango au kiungio, na cha ekseli. Kikomo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachoamua. Mikanda ikaguliwe tena baada ya mwendo mfupi, kwa sababu mtikisiko huilegeza.

Wizi ni suala jingine, maana hasara yake humrudia mwenye mali. Al-Ghazali haoni kwamba kufunga mlango kwa kufuli kunaharibu tawakali. Anachokichukia ni kupindukia, kama mtu aliyekwisha kufunga kufuli kuwaomba tena majirani wamlindie. Anamshauri pia anayeondoka nyumbani anuie tangu mwanzo kuridhika na hukumu ya Mungu, na kwamba mwizi akichukua kitu, amemhalalishia. Nia hiyo inamfaa vilevile msafiri anayelala kambini na baiskeli zake zimefungwa mnyororo nje.