Macho Yako Katikati ya Kichwa

Mwanafunzi wa uchoraji akianza sura ya mtu, karibu kila mara huyapandisha macho hadi penye paji. Chukua rula upime picha ya pasipoti: toka utosini hadi kidevuni, macho yamo nusu ya njia. Mtu mzima akisimama ana urefu wa vichwa 7 na nusu hivi. Tatizo haliko mkononi. Akili huchora inachokijua kabla jicho halijatazama. Katuni za filamu hudai kutazama huko hata zaidi: sekunde 1 ya filamu ni picha 24, na zoezi la kwanza ni mpira unaodunda tu. (Wanaolidharau, mpira wao huelea kama puto.) Kabla ya kununua penseli ghali, mchore jamaa aliyesinzia kituoni, hatahama upesi.