Umeshapewa Jembe, Sasa Pokea Wageni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe uliyefika Buffalo, jimbo la New York, ukitokea Uvira, Bujumbura au kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, siku zako mbili zilikwisha zamani. Jembe unalo. Umepanda mchicha nyuma ya nyumba ya kupanga, maboga yametambaa hadi kwenye uzio, na majirani wanachungulia. Limebaki jambo moja: wakaribishe waingie.

Mji wako una desturi hiyo tayari. Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, hufanyika Garden Walk Buffalo. Matembezi haya yalianza mwaka 1995 kwa bustani 29, baada ya wakazi wawili, Marvin Lunenfeld na Gail McCarthy, kuvutiwa na matembezi kama hayo huko Chicago. Leo bustani zimepita 300, na hakuna kiingilio. Watu hushika ramani, wakapita mtaa kwa mtaa, hata upande wa magharibi wa mji ambako wengi wenu mnaishi. Wanaingia uani kwa mtu wasiyemjua kwa sababu yupo mwenyeji anayewaambia karibuni. Kwa nini mwenyeji huyo asiwe wewe?

Utasema Kiingereza chako hakitoshi. Nani kakwambia wageni wanafuata sarufi? Wanataka kujua hiki ni nini, kinapandwa lini, kinapikwaje. Majibu unayo tangu utotoni.

Tazama mchicha, au lengalenga kama umetokea Kongo. Jamii yake huota yenyewe mashambani Marekani, na wakulima wengi huing'oa kama gugu. Tazama tena vyungu vya maua barazani: vingi vimepandwa viazi vitamu kwa ajili ya pambo tu, wenyewe hawana habari kwamba majani yale ni jamii moja na matembele. Ukilieleza hilo, mgeni ataondoka na jambo ambalo bustani kumi za waridi hazikumfundisha. Mwonye tu asichume yaliyopuliziwa dawa.

Huna bustani? Hicho si kisingizio. Shirika la Grassroots Gardens WNY linasimamia bustani za jamii zaidi ya 100. Nenda kwenye iliyo karibu nawe, mwagilia, palilia, kisha jitolee kuongoza wageni siku ya matembezi.

Kazi yenyewe haina makuu. Chagua mimea mitano unayoijua vizuri. Kwa kila mmoja andaa jina, kazi yake na kisa kifupi. Sema kwa sauti ya kutosha, onyesha pa kukanyaga ili matuta yasivurugwe, weka maji na kiti kivulini kwa ajili ya wazee. Mwanao anayesoma shule ya hapo awe mkalimani. Naye atajifunza asili yake bila kuhubiriwa.

Mji uliokupokea haukujui mpaka ujieleze. Mtu aliyeonja mboga yako na kukuuliza jina lako hawezi tena kukuita mgeni. Basi usingoje kualikwa. Mei baridi ikilegea, panda. Jiandikishe mapema, mshawishi na jirani yako wa Burundi. Julai simama mlangoni, useme kwa sauti: karibuni!