Zima Ulinzi Kwanza

"Zima antivairasi kabla ya kufungua, maana itapiga kelele bure." Maelekezo hayo yalikuwa kwenye faili dogo la maandishi, lililokuja pamoja na programu ya kuhariri video. Kijana mmoja wa Kilwa Masoko aliishusha kwa bando la usiku, kwenye kompyuta ya mjomba wake. Mjomba na mpwa hawa nimewatunga kwa ajili ya funzo. Kirusi kilichowakuta ni cha kweli: kinaitwa STOP/Djvu, kimekuwa kikizunguka duniani tangu 2018, na hivi nitakavyokieleza ndivyo kinavyofanya kazi.

Mjomba ni mwalimu mstaafu. Kwenye kompyuta ile aliweka picha za ukoo, nakala za karatasi za mashamba ya minazi na mikorosho, na kitu kimoja alichokithamini kuliko vyote: sauti za wazee. Tangu akiwa kazini alikuwa akipita Kivinje, Njinjo, mpaka Mohoro kule Rufiji, akiwarekodi watu waliosimuliwa na babu na bibi zao habari za vita vya Maji Maji, za mganga Kinjikitile Ngwale na za waliopelekwa kunyongwa Kivinje baada ya vita kuanza 1905. Kila mzee alianza kwa kujitaja: mimi fulani bin fulani, wa kijiji fulani. Alikuwa na nakala pia, kwenye diski ya nje. Lakini diski hiyo ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta mchana na usiku, wala hakuwahi kuichomoa.

"Shikamoo, mjomba. Naomba kompyuta, nina harusi ya kuhariri, wenyewe wanaitaka Jumamosi."

"Marahaba. Chukua, ila sauti za wazee wangu usiniguse."

"Sizigusi, mjomba."

Na kweli hakuzigusa.

Simlaumu kijana kwa kutafuta cha bure. Anapiga video za harusi ili aishi, na bei ya programu halali aliyoitaka ingemla faida ya sherehe kadhaa. Tena ni kweli kwamba antivairasi wakati mwingine hukosea na kuikataa programu isiyo na madhara. Ndiyo maana uongo wa maelekezo yale unaaminika. Lakini anayekuja nyumbani kwako na kukutaka umwondoe mlinzi kwanza ndipo aingie, umeshamjua. Na mbadala upo: DaVinci Resolve ina toleo la kuhariri video lisilolipiwa, Audacity ni ya sauti, LibreOffice ni ya nyaraka, zote zikishushwa kwenye tovuti za wenyewe. Nasikitika kuwa vijana wengi hawajapata mtu wa kuwaambia hivyo.

Alipobofya, kilitokea kidirisha kilichosema Windows inajisasisha. Kidirisha hicho ni cha kirusi chenyewe, huletwa makusudi ili mtu asishangae kompyuta ikiwa nzito. Kijana akaiacha ifanye kazi, akaenda kulala. Huku nyuma kirusi kilikuwa kikipita folda moja baada ya nyingine na kufunga kila faili kwa ufunguo, pamoja na yote yaliyokuwa kwenye ile diski iliyochomekwa. Asubuhi kila faili lilikuwa limeongezewa herufi nne ngeni mwishoni mwa jina, na kila folda ilikuwa na barua iitwayo _readme.txt: lipa dola 980, au 490 ukiwasiliana nasi ndani ya saa 72. Hiyo nusu bei peke yake inazidi shilingi milioni moja. Mwalimu alipotaka kusoma kwenye tovuti za usalama, nyingi hazikufunguka, kwa kuwa kirusi hiki huziba njia za kuzifikia.

Akaitwa fundi. "Tufomati tu, Mwalimu, iwe mpya." Mwalimu akakataa, na hapo aliokoa kilichoweza kuokolewa. Alitaka mafaili yaliyofungwa yanakiliwe kwanza kando, ndipo kompyuta isafishwe. Fidia hakulipa: aliyekuibia hana dhamana, na fedha ile ndiyo mtaji wa kumwibia mwingine. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure ya kufungua aina 148 za kirusi hiki, ila aina zilizofuata huchukua kwenye intaneti ufunguo wa kila kompyuta peke yake. Usiku ule bando lilikuwa hewani, kwa hiyo zana hiyo haikuwafaa.

Kwa kuwa kirusi hiki kina haraka, hakifungi faili zima. Hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo tu. Kwa barua au picha hiyo inatosha kuiua. Kwa sauti ndefu ya MP3 ni kama sekunde kumi. Fundi alikata kipande cha mbele, na wazee wakasikika, masimulizi yote yako pale, isipokuwa sekunde zile kumi ambamo kila mmoja alitaja jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Mpwa ndiye aliyebeba kazi ya kurudi vijijini na sauti hizo kwenye simu, akiwasikilizisha watoto na wajukuu ili wamwambie huyu ni nani. Zipo sauti ambazo mpaka sasa hazina mwenyewe.

Balaa la pili lilichelewa kuonekana. Kirusi hiki mara nyingi huandamana na mwizi wa nywila, anayekomba zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Siku chache baadaye ndugu walianza kupata ujumbe kutoka akaunti ya Facebook ya kijana: nimekwama, tumeni kwenye namba hii, yangu ina tatizo. Shangazi wa Lindi mjini alipiga simu kwanza, asikie sauti. Namba ile wakairipoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na kijana akabadilisha nywila zake zote kwa simu, si kwa kompyuta ile, akaweka uthibitisho wa hatua mbili.

Sasa mpwa ana akaunti yake mwenyewe kwenye kompyuta, haina mamlaka ya kusakinisha chochote wala kufungua folda za mjomba. Ulinzi wa Windows hauzimwi, na masasisho hayaahirishwi. Walioyapuuza ndio kirusi cha WannaCry kiliowakuta Mei 2017, ilhali kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetoka tangu Machi. Diski ya nje huchomekwa Ijumaa, mafaili yakanakiliwa humo, ikachomolewa, ikafungiwa kabatini. Nyingine iko kwa shangazi Lindi, hubadilishwa kila mtu wa nyumbani anapokwenda huko.

Picha na nyaraka zilizofungwa hawakuzifuta. Ziko kwenye diski ya peke yake, na kila baada ya miezi kadhaa kijana hupitia No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, kuangalia kama ufunguo umepatikana. Huduma hiyo hailipiwi.