Damu ya Mnyama na Elimu ya Mwili

Kijana anayeingia chuo kikuu kusomea udaktari, uuguzi au tiba ya wanyama hukutana mapema na somo la fiziolojia, yaani elimu ya namna mwili unavyofanya kazi: moyo unavyosukuma damu, figo zinavyoichuja, mapafu yanavyopokea hewa. Mwili unaosomwa ni wa mamalia kwa jumla, maana katika mambo hayo mwanadamu, ng'ombe, mbwa na panya hufanana sana. Katika vyuo vingi duniani somo hilo limekuwa na siku za maabara ambapo mnyama aliye hai hulazwa kwa dawa ya usingizi, akapasuliwa mbele ya wanafunzi, na kazi ikiisha hazinduliwi tena. Vijana wa ushirika wa wanafunzi wameleta jambo hili kwetu sisi tunaofundisha theolojia. Wanauliza kama Mkristo ana haki ya kufanya hivyo. Swali lao si la kitoto, na hatuwezi kulimaliza kwa kusema tu kwamba Mungu alimpa mwanadamu kuwatawala wanyama.

Tuanze na mchungaji mwenzetu. Stephen Hales alikuwa mchungaji wa Kianglikana katika kijiji cha Teddington, karibu na London, tangu mwaka 1709 hadi alipofariki mwaka 1761. Ndiye mtu wa kwanza kupima nguvu ya damu mwilini, ile ambayo leo tunaiita presha. Alimchukua farasi jike wa miaka kama 14, mwenye ugonjwa, asiyefaa tena kwa kazi. Akamfunga chali akiwa na fahamu zake zote, akachomeka bomba la shaba katika mshipa mkubwa wa paja, na juu yake akaunganisha bomba refu la kioo. Damu ilipanda kiasi cha futi 8 na zaidi, yaani karibu mita 2 na nusu, ikawa inapanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Kisha akaendelea kumtoa damu kidogo kidogo, akipima kila mara, mpaka farasi akafa. Matokeo aliyachapisha mwaka 1733. Ikumbukwe kwamba dawa ya usingizi ilikuwa haijajulikana. Upasuaji wa namna hiyo ulionyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846, zaidi ya miaka 100 baadaye.

Hales hakuwa mkatili. Alibuni vyombo vya kuingiza hewa safi katika meli na magereza, mahali ambapo watu walikuwa wakifa kwa hewa chafu, na alipiga vita ulevi wa jini uliokuwa ukiangamiza maskini wa London. Mshairi Alexander Pope, jirani yake na rafiki yake, alimhesabu kuwa mtu mwema sana, ila alisikitika kuona mikono yake imelowa damu kiasi kile. Pope aliuliza tumepata wapi haki ya kuwaua mbwa, viumbe tuliowazidi kidogo tu, hata kama kuna faida kwetu.

Wote wawili wanatuhusu. Mama mjamzito akifika zahanati leo hufungwa kitambaa mkononi apimwe presha, na kipimo hicho humwokoa na kifafa cha mimba pale hatari inapoonekana mapema. Ukifuata historia ya kipimo hicho kurudi nyuma utamkuta yule farasi wa Teddington, amefungwa chali.

Mwanafunzi mmoja alituuliza hivi: "Baba Mchungaji, mbuzi wa Krismasi namchinja mwenyewe kila mwaka na nakula kwa furaha. Kwa nini panya mmoja wa maabara amenikosesha usingizi wiki nzima?" Ni swali zuri. Sisi tuliokulia kwa wafugaji tulijua bandama ilipo kabla ya kujua kusoma. Tulishika moyo wa mbuzi ungali na joto, tukaona maini, figo na utumbo vikigawanywa kwa utaratibu, sehemu hii ya wazee, sehemu hii ya akina mama. Hatukuogopa damu. Lakini mchinjaji mwema hunoa kisu, hukata mara moja, na mnyama hafi huku akitazamwa. Katika maabara mnyama anatunzwa asife upesi, kwa sababu kinachotafutwa ni uhai wenyewe. Moyo wa panya, unaopiga zaidi ya mara 300 kwa dakika, uko wazi mbele ya kijana ambaye wa kwake unapiga kama mara 70. Mwalimu anadondosha dawa, moyo unaenda mbio. Anadondosha nyingine, unapoa. Kijana anajua kwamba dawa zile zile zingefanya hivyo hivyo kifuani mwake.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Tunamtumia panya kwa sababu anafanana nasi. Kama asingefanana nasi, kumpasua kungekuwa bure. Basi hatuwezi kumsogeza karibu tunapotaka elimu, halafu tukamsukuma mbali tunapoulizwa habari ya maumivu yake. Mhubiri wa Agano la Kale aliliona hili pasipo maabara: wanadamu na wanyama wana pumzi moja, na kifo cha huyu ni kama kifo cha yule. Naye Nuhu aliporuhusiwa kula nyama baada ya gharika, ruhusa ilikuja na mpaka wake: damu asiile, kwa kuwa ndani yake mna uhai. Tunaelewa kwamba mwanadamu alipewa nyama bila kupewa umiliki wa uhai. Mwenye uhai ni mwingine, na wakili hutoa hesabu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Ni halali kumtumia mnyama ili kujifunza kuponya, lakini si halali kumtumia kwa uvivu. Mwaka 1959 wanasayansi wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, waliandika kwamba mtafiti atafute kwanza njia isiyohitaji mnyama, ikikosekana apunguze idadi, na wale waliobaki awapunguzie mateso. Hawakuwa wakiandika theolojia, lakini uwakili ni huo huo. Atakayempasua mgonjwa aliye hai, awe mtu au ng'ombe, ana sababu ya kujua mapema mwili hai ulivyo chini ya kisu. Anayetafuta alama za muhula tu, katika jambo lililokwisha kuthibitishwa mara maelfu na linaloweza kuonyeshwa kwa filamu au kompyuta, hana sababu hiyo. Na mwanafunzi ambaye dhamiri yake inakataa asichekwe wala asiitwe mwoga. Paulo aliwaagiza Warumi wasimhukumu ndugu kwa habari ya chakula. Basi na maabara iwe na nafasi kwa dhamiri ya namna hiyo.

Kuna upande wa pili, nao unatuuma zaidi sisi wahubiri. Mwaka 1921 mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliwatoa mbwa kongosho, mbwa wakaugua kisukari, kisha wakawachoma maji yaliyotolewa katika kongosho za wanyama wengine, na sukari ikashuka. Mbwa wengi walikufa katika kazi hiyo. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa ukingoni mwa kaburi, alichomwa dawa hiyo, na ilipokwisha kusafishwa vizuri zaidi ikamwinua. Ndiyo insulini. Kwa miaka kama 60 iliyofuata ilitoka katika kongosho za ng'ombe na nguruwe wa machinjioni, hadi ile inayotengenezwa kwa bakteria ilipoidhinishwa mwaka 1982.

Sasa anakuja mhubiri katika mkutano wa hadhara, anamwambia mgonjwa wa kisukari atupe sindano aonyeshe imani yake. Watu wa namna hiyo tumewazika. Mmoja aliacha watoto wanne. Katika Katekisimo Ndogo tunawafundisha watoto wa Kipaimara kwamba mwili, macho, masikio, akili na vyote tulivyo navyo Mungu ametupa, tena anavitunza. Akili iliyopata insulini imo humo. Mhubiri yule anapoikataa anamkataa Mtoaji, na pia anaifanya damu ya wale mbwa kuwa imemwagika bure. Mwanafunzi anayelala macho kwa ajili ya panya mmoja yuko karibu na Maandiko kuliko yeye.

Katika maombi ya jumla siku ya ibada tunawaombea wagonjwa, madaktari, viongozi wa nchi na mvua. Siku ya mavuno tunashukuru kwa mahindi, kuku na mbuzi walioletwa madhabahuni. Katika usharika mmoja wenye wanafunzi wengi tumeanza kuongeza sentensi moja ya kuwashukuru wanyama ambao kwa maisha yao tumeujua mwili na dawa zake. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alitufuata mlangoni akauliza kama na panya wamo. Tulimjibu kwamba wamo.