Kisa Kinachoanzia Katikati

Pale Awasi, barabara ya Chemelil inapoachana na ile ya Kisumu kwenda Kericho, kuna kisa ambacho wajawazito husimuliwa ili waogope. Hukisikia kwenye benchi la kliniki, hukisikia kwenye baraza la chifu, na wengine hukisikia jikoni kwa mama mkwe huku mchele wa Ahero ukipepetwa. Ni kisa cha mwanamke aliyekataa hospitali. Mimba yake ya pili hakuipeleka kliniki hata siku moja. Uchungu ulipomshika alinyamaza mpaka usiku wa manane, kisha akajikokota hadi kwa nyamrerwa, mkunga wa kijijini. Mtoto alitoka salama. Kondo la nyuma likakwama, damu ikaloweka godoro na kushuka sakafuni. Walimbeba kwa boda hadi lami, wakasimamisha gari, wakamfikisha hospitali kuu ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, ambayo wenyeji mpaka leo wanaiita Russia kwa kuwa Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga. Madaktari waliokoa roho yake, lakini mfuko wa uzazi ilibidi utolewe. Alikuwa na miaka 24. Hapo msimulizi hunyamaza kidogo, halafu huwauliza wasikilizaji: "Mmeona ujinga unavyoponza?"

Onyo lenyewe ni la kweli. Kutokwa na damu baada ya kujifungua ndiko kunakoua akina mama wengi nchini Kenya, na damu hiyo inaweza kummaliza mwanamke mwenye afya yake ndani ya saa mbili. Mkunga wa kijijini hana dawa ya kuizuia wala damu ya kuongeza. Kwa hiyo sina ugomvi na onyo. Ninagombana na mahali kisa kinapoanzia. Mwanamke huyu hakuzaliwa akiogopa hospitali. Alifundishwa kuiogopa, tena kwa usiku mmoja, na usiku huo haumo katika kisa cha baraza.

Nitamwita Nyar Seme, binti wa Seme, maana katika maboma ya Wajaluo mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la kwao. Msomaji asimtafute. Nimemkusanya kutoka kwa vinywa vya wengi, na hospitali aliyojifungulia mara ya kwanza siipi jina kwa sababu wengi hao walizitaja tofauti.

Alikuwa na miaka 21. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri, na anayeujua udongo mweusi wa huku Kano anajua maana yake: boda ilizama, hatua za mwisho akazitembea kwa miguu, mama mkwe akimmulikia kwa tochi ya simu. Langoni mama mkwe aliambiwa asubiri nje. Ndani, wadi nzima ilikuwa na muuguzi mmoja na wanawake watano wenye uchungu. Nyar Seme alilazwa, akapimwa, akaambiwa njia bado. Hakuambiwa bado maana yake ni saa moja au saa kumi.

"Sista, nasikia kusukuma."

"Usisukume. Nimesema bado."

Aliposhindwa kujizuia, sista alirudi mbio, akampiga kofi la paja. Alipolia, akapewa yale maneno ambayo akina mama wengi wa Kenya wanayajua kwa moyo, kila mmoja akidhani aliambiwa yeye peke yake: "Wakati wa kuitafuta hiyo mimba ulipiga kelele hivi?" Mwanamke wa kitanda cha pili alicheka. Huenda alicheka kwa woga. Nyar Seme hakuwa na nafasi ya kutofautisha.

Mtoto alitoka kamba ya kitovu ikiwa imemzunguka shingoni, rangi imebadilika, kimya. Na hapa nitamtetea sista, kwa sababu mikono yake haikukosea kitu. Aliitoa ile kamba upesi, akamkimbiza mtoto kwenye meza ya pembeni, akamkausha, akamsugua mgongo, akamsafisha njia ya hewa. Mikono ilijua kazi. Mdomo haukusema neno. "Sista, mtoto ni mzima?" Kimya. "Sista?" "Hebu ninyamazie nifanye kazi." Katika dakika hizo Nyar Seme alimzika mwanawe. Alifika mbali: aliona kaburi nyuma ya nyumba, akasikia watakachosema watu. Kisha mtoto akalia, akaletwa, akawekwa kifuani mwa mwanamke ambaye tayari alikuwa ametoka matangani. Alishonwa kabla ganzi haijashika.

Kwenye kijitabu cha kliniki paliandikwa kwamba alijifungua kwa njia ya kawaida, mtoto wa kike, hali ya mama na mtoto nzuri. Hakuna uongo hapo. Kamba kuzunguka shingo hutokea katika takriban uzazi mmoja kati ya minne, na mara nyingi haileti madhara. Sista alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lingechukua pumzi moja kulisema.

Mtoto aliitwa Awino, jina la msichana anayezaliwa na kamba mwilini. Wajaluo wana utajiri wa majina ya namna hiyo: Auma aliyetoka akiangalia chini, Akoth aliyekuja na mvua, Ayoo aliyezaliwa njiani. Safari ya mtoto huwekwa kwenye jina na boma zima huikumbuka kwa furaha. Lakini Nyar Seme, kila alipoitwa "min Awino," yaani mama Awino, alirudishwa kwenye ile meza ya pembeni. Usiku aliamka kuweka kiganja chini ya pua ya mtoto aone kama anapumua. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ilimtapisha. Siku za chanjo alimtuma mama mkwe. Mumewe alipomkaribia alikakamaa kama mti, na mume, ambaye hakuwa mtu mbaya, akadhani amechukiwa.

Alijaribu kusema mara moja tu. Mume alimjibu, "Si mtoto yuko sawa? Tumshukuru Mungu." Mama mkwe akaongeza kwamba wao walizalia kwenye shamba la miwa wakarudi kupalilia. Wote wawili walikuwa wakimfariji. Ninaiogopa zaidi faraja hii kuliko lile kofi, kwa sababu kofi lilikwisha usiku uleule, ilhali shukrani hii ilimfungia mlango kila siku. Nani angethubutu kulalamika mbele ya mtoto mzima?

Mke wa shemeji yake, boma hilohilo, alijifungua mwaka uleule kwa njia mbaya zaidi kwa kila kipimo cha kitabu. Mtoto alikwama, akahamishwa usiku kwa gari la wagonjwa, akapasuliwa Russia, akaongezwa damu. Leo anakisimulia kisa chake penye sherehe, watu wanacheka, yeye mwenyewe akiigiza jinsi alivyoshika mlango wa gari. Tofauti iko wapi? Ukimuuliza atakuambia kuhusu daktari kijana aliyechuchumaa kando ya machela, akamwambia, "Mama, mtoto amechoka, tunataka kumtoa kwa haraka, utasikia hivi na hivi, unakubali?" Na mhudumu aliyemshika mkono mpaka dawa ilipomlaza. Hofu ilikuwapo. Lakini ndani ya hofu hiyo alikuwa mtu anayeulizwa.

Wanaochunguza mambo haya walilifikia jambo hilohilo kwa njia ndefu. Muuguzi na mtafiti wa Marekani, Cheryl Beck, aliandika mwaka 2004 kwamba uzazi wenye kiwewe ni ule ambao mzazi mwenyewe ameuona hivyo. Wahudumu wanaweza kuukumbuka kama kazi ya kawaida ya zamu. Ellen Hodnett wa Kanada, alipopitia tafiti nyingi mwaka 2002, alikuta kwamba uchungu wenyewe hauamui sana mama atauonaje uzazi wake baadaye. Kinachoamua zaidi ni alichokuwa amekitarajia, kama alisaidiwa, waliomhudumia walikuwa naye vipi, na kama alishirikishwa katika maamuzi. Penny Simkin, mtafiti mwingine, aliwauliza wanawake miaka 15 hadi 20 baada ya kujifungua, akakuta bado wanakumbuka maneno waliyoambiwa. Miaka ishirini! Katika jamii kwa jumla, wazazi wapatao 3 au 4 kati ya 100 hupata kiwewe kamili kinachostahili kutibiwa kama ugonjwa mwingine wowote, na wengi zaidi hubaki na kidonda kisichofikia kuitwa ugonjwa lakini kinachotosha kubadilisha njia ya mtu kwenda sokoni.

Na kidonda cha namna hiyo ndicho kilichompeleka Nyar Seme kwa nyamrerwa. Alipopata fahamu Russia baada ya upasuaji, mhudumu alimuuliza kwa upole kabisa, "Mama, kwa nini hukuja hospitali?" Akajibu, "Nilikuja. Ile ya kwanza nilikuja." Mhudumu hakuelewa. Kwenye faili paliandikwa kwamba mgonjwa hakuhudhuria kliniki na alijifungulia nyumbani, na faili hilo ndilo lililozaa kisa cha baraza.

Sasa yule sista. Ni rahisi kumfanya shetani, na visa vya funzo hupenda shetani. Lakini tarehe 1 Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure, na akina mama wakaitika. Uchunguzi wa kitaifa wa 2008 na 2009 ulikuta asilimia 43 ya watoto wakizaliwa hospitalini. Ule wa 2014 ukakuta asilimia 61. Vitanda na wauguzi havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwaka 2017 wauguzi waligoma miezi mitano. Mtu anayezalisha watano peke yake usiku, naye hajala, huongea ovyo. Nalielewa hilo. Bado nasema kwamba "mtoto anapumua, ngoja kidogo" halihitaji bajeti.

Wala asidhani mtu kwamba sheria haijui mambo haya. Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya tangazo lile, mwanamke mmoja huko Bungoma alikuta vitanda vya chumba cha kujifungulia vimejaa, akaanguka akijaribu kurudi alikotoka, akajifungua sakafuni akiwa amezimia. Alizinduka akipigwa makofi na kutukanwa na wauguzi, huku mtu akimrekodi kwa simu. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba heshima yake ya kibinadamu, ambayo Katiba ya 2010 inailinda, ilivunjwa. Ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi. Kesi hiyo haikuwa ya kifo. Ilikuwa ya namna alivyotendewa, na mahakama ilikubali kwamba hilo peke yake linatosha.

Hata hapa kwetu pameshajaribiwa dawa. Kati ya 2011 na 2014 mradi ulioitwa Heshima uliendeshwa katika vituo 13 vya Kenya, vingine vikiwa Kisumu. Mwanzoni mama mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa wakati wa kujifungua; mwishoni idadi ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 13. Walichofanya hakikuwa cha ajabu. Wauguzi nao walipewa watu wa kuwasikiliza, kwa kuwa anayeshuhudia mtoto akifa saa nane akatakiwa kutabasamu saa tisa naye anaumia. Malalamiko yalisuluhishwa kwa mazungumzo kabla ya kufika kwa mawakili. Na wanakijiji walialikwa kuizuru wadi mchana, waione meza ya pembeni na kuambiwa inatumika kwa nini, ili mwanamke asiione kwa mara ya kwanza usiku wa uchungu. Hili la mwisho ningeliiga kesho katika kila kituo cha huku Nyando.

Kuna dawa nyingine ambayo kila mtu anaisifu, mwenzi wa kukaa na mama wakati wa uchungu. Tafiti za dunia zinaiunga mkono. Lakini upande wa kusini, kaunti ya Migori, wanawake walipoulizwa mwaka 2016, theluthi mbili walisema waliruhusiwa kuwa na mwenzi wakati wa uchungu, na wapatao asilimia 63 walisema wakati wa mtoto kutoka hawakumtaka. Baadhi waliona aibu kuonekana katika hali ile, tena na mtu ambaye kesho ataisimulia. Hapo ndipo baraza letu linaponyamaza, maana ni rahisi kuwafundisha wauguzi adabu kuliko kuwafundisha majirani.

Nyar Seme alipopata mimba ya pili, mumewe alimsihi aende kliniki akisindikizwa na mama yake. Alikataa, na hakusema sababu. Sista hakuwa sababu peke yake. Ule usiku wa mvua, mama mkwe alipokuwa akisubiri nje, mfagiaji wa wadi alitoka akamwambia ndani kuna msichana wa Seme anayelia kama mtoto mpaka amepigwa kofi. Jumamosi iliyofuata habari hiyo ilikuwa imeshafika kisimani, na aliyeipeleka ni mama mkwe, akicheka, huku amembeba Awino mgongoni kwa leso mpya.